Uenyeji wa fainali za soka: kura hupigwa Cairo, hesabu hufika hadi Kobero

BUJUMBURA – Wafanyabiashara wa hapa wanaoagiza saruji, nondo, vipuri na vyakula kupitia Dar es Salaam na Mombasa wana kila sababu ya kufuatilia suala ambalo kwa kawaida huachiwa kurasa za michezo: ni nani huamua nchi ipi iandae fainali kubwa za soka, na huamua kwa kuangalia nini.

Tarehe 27 Septemba 2023 mjini Cairo, Kamati ya Utendaji ya Shirikisho la Soka barani Afrika (CAF) ilizipa Kenya, Uganda na Tanzania uenyeji wa pamoja wa fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika za 2027, chini ya zabuni iliyopewa jina la Pamoja. Wapinzani waliobaki hadi mwisho walikuwa Misri, Senegal na Botswana, baada ya Algeria kujitoa mkesha wa uamuzi. Ilikuwa mara ya kwanza kwa fainali hizo kukabidhiwa nchi tatu kwa mpigo, na mara ya kwanza kuelekezwa ukanda huu tangu Ethiopia ilipoziandaa mwaka 1976.

Burundi haimo katika zabuni hiyo. Lakini nchi za Pamoja ndizo njia yake ya kufika baharini. Mzigo unaotoka Dar es Salaam hukata zaidi ya kilomita 1,500 na kuingia kwa Kabanga na Kobero, au kwa Manyovu na Mugina, au huvuka ziwa kutoka Kigoma. Mzigo wa Mombasa una safari ndefu zaidi kupitia Nairobi na Kampala, na Burundi ilipofunga mipaka yake na Rwanda Januari 2024, wasafirishaji wa njia hiyo ya kaskazini walilazimika kuzunguka kupitia Tanzania. Viwanja vinapojengwa Nairobi, Arusha na Hoima, vifaa vyake vinashushwa katika bandari zile zile na kubebwa na malori yale yale yanayopita mizani ile ile. Saruji ikipanda bei upande wa pili wa mpaka, mafundi wa Kinama na Kamenge huiona bei hiyo baada ya wiki chache.

Kwa hiyo swali la nani anachagua mwenyeji, na uamuzi wake ukoje ukishatolewa, ni swali la biashara. Na historia yake haitulizi moyo.

Chumba cha watu ishirini na wanne

Kwa miaka mingi mwenyeji wa Kombe la Dunia alichaguliwa na Kamati ya Utendaji ya Shirikisho la Soka Duniani (FIFA) yenye wajumbe 24. Kura ilikuwa ya siri. Mashirikisho mengine yote yalikaa nje yakisubiri bahasha ifunguliwe.

Udhaifu wa utaratibu huo Afrika iliuonja mapema. Julai 2000 mjini Zurich, Ujerumani iliishinda Afrika Kusini kwa kura 12 dhidi ya 11 katika kinyang'anyiro cha fainali za 2006. Mjumbe mmoja, Charles Dempsey wa New Zealand, hakupiga kura katika duru ya mwisho, ingawa shirikisho la ukanda wake lilikuwa limemtaka aiunge mkono Afrika Kusini. Angeipigia, kura zingelingana 12 kwa 12, na rais wa FIFA wa wakati huo, Sepp Blatter, angekuwa na kura ya turufu. Mtu mmoja alibaki kimya, na mabilioni yakabadili bara.

Kutokana na malalamiko yaliyofuata, FIFA ilianzisha zamu ya mabara na kuamua kuwa fainali za 2010 ziwe za Afrika peke yake. Mei 2004 Afrika Kusini iliishinda Morocco kwa kura 14 kwa 10. Watu wengi wa kanda hii walishangilia. Miaka 11 baadaye mashtaka yaliyofunguliwa Marekani yalidai kuwa dola milioni 10 zilizofika mikononi mwa Jack Warner, aliyekuwa kiongozi wa soka la Karibi, zilihusiana na kura ya 2010. Afrika Kusini ilikanusha na kusema fedha hizo zilikuwa msaada kwa maendeleo ya soka miongoni mwa watu wenye asili ya Afrika huko Karibi. Warner naye alikanusha. Hata hivyo mjumbe mwingine wa kamati hiyo, Chuck Blazer wa Marekani, alikiri mbele ya mahakama kuwa yeye na wenzake walikubali kupokea rushwa kuhusiana na uchaguzi wa wenyeji wa 1998 na 2010.

Kilichovunja chombo kabisa ni kikao cha 2 Desemba 2010. Siku hiyo moja kamati iligawa fainali mbili: za 2018 kwa Urusi na za 2022 kwa Qatar. Waliopiga kura walikuwa 22 badala ya 24, kwa kuwa Amos Adamu wa Nigeria na Reynald Temarii wa Tahiti walikuwa wamesimamishwa baada ya waandishi wa gazeti la Sunday Times la Uingereza kujifanya wafanyabiashara na kuwarekodi wakizungumzia fedha. Uingereza, iliyokuwa na viwanja tayari, iliambulia kura 2 katika duru ya kwanza na kutolewa. Qatar iliishinda Marekani kwa kura 14 kwa 8 katika duru ya nne, ingawa wakaguzi wa FIFA wenyewe walikuwa wameonya kuhusu joto la Juni na Julai. Mwaka 2015 ikaamuliwa fainali hizo zihamishiwe Novemba na Desemba.

Hapo msomaji asimame kidogo. Taarifa ya wakaguzi ilikuwapo mezani, na kura ikaenda kinyume nayo. Katika zabuni za kawaida za serikali, afisa manunuzi anayefanya hivyo huitwa kujieleza. Katika soka, mjumbe hakuwa na wa kumweleza.

Mtu wa Bujumbura mezani

Mwaka 2012 Lydia Nsekera, aliyekuwa rais wa Shirikisho la Soka la Burundi tangu 2004, aliteuliwa kuingia katika Kamati ya Utendaji ya FIFA, akiwa mwanamke wa kwanza kukalia kiti hicho. Mei 2013, katika Mkutano Mkuu uliofanyika Mauritius, alichaguliwa rasmi kwa kipindi cha miaka minne. Mkutano huo huo uliamua kuwa kuanzia hapo mwenyeji wa Kombe la Dunia atachaguliwa na mashirikisho yote wanachama kutoka katika orodha itakayochujwa na kamati.

Kwa karatasi, hayo yalikuwa mageuzi makubwa. Burundi yenye uwanja mmoja wa kutegemewa ilipata kura moja sawa na Brazil na Ujerumani. Kununua au kushawishi watu 13 ni jambo moja, lakini kuwashawishi zaidi ya 100 ni gharama nyingine kabisa.

Utaratibu mpya ulitumika mara moja tu kwa ushindani wa kweli. Juni 2018 mjini Moscow, Marekani, Canada na Mexico zilipata kura 134 na Morocco 65. Matokeo yalionyesha kila shirikisho limechagua nini, na ndiyo maana ilijulikana siku ile ile kuwa baadhi ya nchi za Afrika, ikiwemo Afrika Kusini, ziliiacha Morocco. Zabuni ya Amerika ilikuwa imeahidi mapato ya dola bilioni 14, karibu mara mbili ya dola bilioni 7.2 za Morocco, na wakaguzi waliipa alama 4.0 kati ya 5 dhidi ya 2.7. Mtu anaweza kulalamika kuwa fedha ilishinda. Lakini ilishinda hadharani, na kila mtu aliweza kuihesabu.

Kisha mlango ukafungwa tena taratibu. Oktoba 2023 FIFA ilitangaza kuwa fainali za 2030 zitaandaliwa na Morocco, Hispania na Ureno, na mechi tatu za mwanzo zichezwe Uruguay, Argentina na Paraguay. Mabara matatu yakawa yametumika kwa mpigo mmoja, hivyo fainali za 2034 zikabaki kwa Asia na Oceania tu, na nchi zikapewa chini ya mwezi mmoja kuonyesha nia. Australia ilijitoa siku ya mwisho. Ikabaki Saudi Arabia peke yake. Tarehe 11 Desemba 2024 mkutano uliofanyika kwa njia ya video ulipitisha zote mbili kwa kupiga makofi. Shirikisho la Norway lilipinga utaratibu huo. Mwenye kura moja sawa na Brazil alikuwa na uamuzi mmoja wa kufanya: apige makofi au asipige.

Afrika na desturi ya kuhamisha

Yote hayo ni ya FIFA. CAF haikufuata hata mageuzi yale ya 2013. Mwenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika bado huchaguliwa na Kamati ya Utendaji, na Cairo hapakuwa na ubao kama ule wa Moscow wa kuonyesha nani kamchagua nani. Mashirikisho 54 hupokea taarifa kama sisi wengine tunavyoipokea.

Kwa mfanyabiashara, tatizo kubwa la CAF liko baada ya kura. Uamuzi wake umekuwa haudumu.

Angalia mfululizo huu. Fainali za 2013 zilikuwa za Libya, zikaenda Afrika Kusini kwa sababu ya vita. Za 2015 zilikuwa za Morocco, ambayo iliomba ziahirishwe kwa hofu ya Ebola. CAF ilikataa na katikati ya Novemba 2014 ikazikabidhi kwa Guinea ya Ikweta, na mechi ya kwanza ikachezwa 17 Januari 2015, miezi miwili tu baadaye. Za 2017 Libya ilipewa tena kama fidia, ikashindwa tena, zikaenda Gabon.

Septemba 2014 mjini Addis Ababa kamati ilifanya jambo la ajabu zaidi, ikagawa fainali tatu siku moja: 2019 kwa Cameroon, 2021 kwa Ivory Coast na 2023 kwa Guinea. Guinea haikutarajiwa na wengi. Novemba 2018 Cameroon ikanyang'anywa kwa kuchelewa, ikasukumwa hadi 2021. Ivory Coast ikasukumwa hadi 2023, na Guinea hadi 2025. Mwaka 2022 Guinea nayo ikanyang'anywa kabisa, na siku ile ile ya kura ya Pamoja fainali za 2025 zikapewa Morocco. Kati ya fainali saba zilizochezwa kuanzia 2013 hadi zile za 2025, hakuna hata moja iliyobaki kwa nchi na mwaka vilivyotangazwa mwanzo.

Burundi yenyewe ilipitia hali hiyo. Timu ya taifa ilianza kampeni ya kufuzu fainali za 2019 ikijua kuwa safari ni ya Cameroon. Ilipofuzu kwa mara ya kwanza katika historia yake, kwa sare ya 1-1 na Gabon hapa Bujumbura Machi 2019, safari ilikuwa imeshakuwa ya Misri, iliyoteuliwa Januari mwaka huo kwa kura 16 dhidi ya moja ya Afrika Kusini. Timu ilipangiwa Alexandria na kupoteza mechi zote tatu, jambo ambalo haliwezi kulaumiwa kwa CAF.

Kenya ndiyo yenye kovu la zamani zaidi kati ya wenyeji wa 2027. Ilipewa fainali za 1996 ikanyang'anywa, zikaenda Afrika Kusini, ambayo ilizitwaa na kombe lenyewe. Ikapewa michuano ya wachezaji wa ligi za ndani (CHAN) ya 2018, ikanyang'anywa Septemba 2017 baada ya wakaguzi kukuta uwanja mmoja tu kati ya minne uko tayari. Michuano hiyo ilihamia Morocco.

Na hapo ndipo malalamiko mengine huanzia. Kila fainali inapokosa nyumba barani Afrika, jina la Morocco halikosekani. Nchi hiyo imeandaa pia fainali za wanawake za 2022, ambazo Burundi ilishiriki kwa mara ya kwanza, na zile za 2024 zilizochezwa 2025. Wakosoaji wanasema ushawishi wa viongozi wake ndani ya CAF na FIFA umezidi. Wanaoitetea wanajibu kuwa viwanja vyake vipo na hoteli zake zipo. Yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja: mwenye bohari tupu iliyo tayari ndiye hupata mzigo ambao wengine wameshindwa kuupokea, na kadiri anavyoupata ndivyo anavyozidi kuzoeana na wenye mzigo.

Kwa nini wanashindania basi

Wachumi wana msemo wa laana ya mshindi. Katika mnada ambao thamani ya kitu haijulikani, anayeshinda mara nyingi ni yule aliyekikadiria kwa bei ya juu kupita wote, yaani aliyekosea zaidi. Zabuni za fainali za soka zinafanana na mnada huo, na zina ubaya wa ziada: anayetoa ahadi ni serikali ya leo na anayelipa ni mlipa kodi wa miaka 15 ijayo.

Mfano uko Nairobi. Uwanja mpya wa Talanta wenye viti 60,000, ulioanza kujengwa 2024, uligharimiwa kwa hati za dhamana za takriban shilingi bilioni 44.8 za Kenya, zilizoingizwa katika soko la hisa la Nairobi Julai 2025. Wawekezaji waliahidiwa faida ya karibu asilimia 15 kwa mwaka kwa muda wa miaka 15. Fainali zenyewe ni za mwezi mmoja. Kando ya ujenzi, vyombo vya habari vya kanda viliripoti kuwa kila nchi kati ya tatu inatakiwa kuilipa CAF dola milioni 30 za uenyeji. Haki za televisheni na za wadhamini wakuu hubaki kwa CAF. Mwenyeji hubaki na barabara, viwanja, hoteli zilizojaa kwa mwezi, na deni.

Hii haina maana kwamba hakuna anayefaidika. Wakandarasi hufaidika, na baadhi yao hutoka mbali: uwanja wa Hoima nchini Uganda ulipewa kampuni ya Kituruki ya SUMMA. Wasafirishaji hufaidika pia, kama wamelipwa kwa wakati. Barabara inayowekwa lami kwa ajili ya fainali itabaki ikipitisha nyanya na mahindi. Lakini anayepima faida ya uenyeji kwa kelele za siku ya kutangazwa mshindi atapotea.

Dhamana za serikali, na forodha ndani yake

Sehemu ya zabuni ambayo wafanyabiashara wangepaswa kuisoma kuliko zote ndiyo isiyosomwa na mashabiki, nayo ni dhamana za serikali. Nchi inayoomba uenyeji huahidi kwa maandishi kuwa wageni watapata viza kwa urahisi, vifaa vya michuano vitaingia bila ushuru au kwa utaratibu wa muda, fedha za kigeni zitatoka na kuingia bila kizuizi, kodi fulani hazitatozwa, na alama za biashara za michuano zitalindwa.

Kila ahadi ina upande wa pili. Msamaha wa ushuru unamhusu mwenyeji na wale waliotajwa, haumhusu muagizaji wa Bujumbura hata kama kontena lake limesimama jirani na kontena la viti vya uwanja. Na palipo na msamaha, kuna wanaojaribu kuuchomekea mzigo usiohusika. Maafisa wa forodha wanalijua hilo. Kawaida yao ni kukaza ukaguzi kwa mizigo ya transiti, kwa kuwa mzigo ulioandikwa kwenda Burundi kisha ukashushwa njiani ni mbinu ya zamani. Msafirishaji mwaminifu hulipia ukali huo kwa siku za kusubiri. Lori likikaa siku tatu zaidi, dereva anahitaji posho, mwenye kontena anadai faini ya ucheleweshaji, na dhamana ya transiti inaendelea kushikiliwa.

Kuhusu fedha za kigeni, tofauti itaonekana wazi zaidi. Mkandarasi wa uwanja analipa kwa dola na anazipata. Mfanyabiashara wa hapa, ambaye kwa miaka kadhaa amezoea pengo kati ya bei ya benki na bei ya mtaani ya faranga, pamoja na foleni za mafuta, anashindana naye kwa lori moja. Mwenye lori wa Dar es Salaam hatasita kuchagua.

Alama za biashara nazo zina meno. Afrika Kusini mwaka 2010 wachuuzi waliokuwa wakiuza vyakula karibu na viwanja kwa miaka waliondolewa katika maeneo yaliyotengwa kwa wadhamini. Jezi, kofia na bendera zenye nembo rasmi bila kibali hukamatwa. Wenye maduka ya Buyenzi na soko la Ruvumera wanaoagiza nguo za michezo kutoka Dubai au Guangzhou wanapaswa kutofautisha bendera ya nchi, ambayo ni ya wote, na nembo ya michuano, ambayo ina mwenyewe.

Somo la CHAN

Mtihani wa nchi za Pamoja ulikuja kabla ya 2027. Zilipewa CHAN iliyopangwa Februari 2025. Tarehe 14 Januari 2025, zikiwa zimesalia siku 18 kabla ya mechi ya kwanza, CAF iliahirisha michuano hadi Agosti ili kazi katika viwanja na miundombinu mingine ikamilike. Aliyeagiza bidhaa kwa ajili ya Februari alizikalia miezi sita, na kama alizinunua kwa mkopo, riba haikuahirishwa.

Agosti michuano ilichezwa kweli. Nairobi mashabiki walifurika hadi CAF ikapunguza idadi ya wanaoruhusiwa kuingia Kasarani na kuitoza Kenya faini kwa kasoro za usalama. Fainali ilichezwa hapo hapo 30 Agosti, Morocco ikaifunga Madagascar 3-2. Kwa ujumla kanda ilionyesha kuwa inaweza, ila kwa kuchelewa. Mtu asisahau sababu ya CAF kuwa makini na umati: Januari 2022 watu wanane walikufa katika msongamano nje ya uwanja wa Olembe mjini Yaoundé.

Mambo mengine yaliongeza wasiwasi baadaye. Vurugu zilizozuka Tanzania wakati wa uchaguzi wa 29 Oktoba 2025 zilifunga biashara kwa siku kadhaa na intaneti ikazimwa, na malori ya Burundi yalikuwa miongoni mwa yaliyokwama. Maswali yakaulizwa kuhusu fainali. Desemba 2025 rais wa CAF, Patrice Motsepe, alitangaza kuwa baada ya fainali za 2027 zitafuata za 2028, kisha zitakuwa kila baada ya miaka minne. Maana yake kwa kanda hii ni moja: ikikosa zamu ya 2027, nafasi nyingine itachelewa kuliko zamani.

Namna ya kuweka fedha

Kutokana na historia hiyo, tangazo la uenyeji lichukuliwe kama nia, na ripoti za wakaguzi ndizo zichukuliwe kama dalili. Ziara za wakaguzi huripotiwa magazetini, na wakirudi mara ya pili kwa uwanja ule ule kuna kitu hakijakaa sawa. Anayeuza kwa mkandarasi adai malipo kwa awamu kulingana na mzigo uliofika, na mkataba utamke wazi nani anabeba hasara fainali zikihamishwa au kuahirishwa. Mikataba mingi ya usafirishaji katika njia hizi haisemi lolote kuhusu hilo. Dhamana ya benki ni bora kuliko barua ya kamati ya maandalizi, kwa sababu kamati huvunjwa siku michuano inapokwisha au inapohamishwa.

Bidhaa zisizotegemea tarehe ndizo salama. Mchele, maharage, mafuta ya kula na vinywaji vitanunuliwa fainali ziwepo zisiwepo. Jezi yenye mwaka kifuani haina mnunuzi mwaka unaofuata.

Soko la Burundi lenyewe nalo lipo, japo kwa kuzunguka. Uwanja wa Intwari, uliokuwa ukiitwa Prince Louis Rwagasore, haukukidhi viwango vya CAF, na timu ya taifa imelazimika kucheza mechi zake za nyumbani ugenini: dhidi ya Cameroon Juni 2022 na dhidi ya Gambia Novemba 2023 mjini Dar es Salaam, na Machi 2025 huko Meknes, Morocco. Kila mechi ya aina hiyo ni hoteli, chakula na nauli zinazolipwa nje kwa fedha za kigeni. Burundi ilishawahi kuandaa michuano ya ukanda ya vijana chini ya miaka 17, Aprili 2018, huko Ngozi na Muyinga, hivyo uzoefu upo kidogo. Kinachokosekana ni uwanja.

Wanaofikiria kuvuka mpaka wenyewe ili kuuza Arusha au Dar es Salaam wakati wa fainali wajue kuwa Julai 2025 serikali ya Tanzania ilitoa amri inayokataza wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwemo rejareja, uwakala wa kutuma fedha kwa simu na ufundi wa simu. Kenya iliilalamikia amri hiyo kuwa inakwenda kinyume na soko la pamoja la Afrika Mashariki. Mwenye bidhaa za rejareja anahitaji mnunuzi au mshirika Mtanzania mwenye leseni kabla ya kupakia, kwa sababu akishafika Kabanga atakuwa amekwisha kulipa nauli ya kwenda, na ya kurudi itamsubiri.